Jina Alilonyonyea Paka

Jumanne, 8 Juni 1954

Panya tena! Wametoboa rundo la pamba upande wa ukutani, wakazalia humo humo. Vitoto vyekundu, havina hata nywele. Mayu kavikusanya, akavitupia kuku. Huyu mama mkwe wangu ana maneno kwa kila kitu duniani, lakini kwa panya hana.

Pamba yote iko ndani, inangoja siku ya kununuliwa. Sisi tunalala pembeni yake kama wageni. Kutwa tunachambua — safi huku, fifi kule. Fifi ni ile yenye madoa na takataka, ambayo mnunuzi huitazama kana kwamba umemtukana. Naipenda kazi hii. Mikono inakwenda yenyewe, kichwa hakihitajiki.

Mayu anasema Ghati ana vitoto vya paka, ataomba kimoja. Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila jambo.

Jumatano, 9 Juni

Paka kafika. Ghati kamleta kwenye kapu, kamfunika khanga asiione njia, asije akatoroka kurudi kwao. Kutoroka na miguu ile! Hata kusimama hajui sawasawa. Kijivu, kifua cheupe, macho yanachuruzika.

Ghati ni jirani yetu, Mkurya. Mumewe ni askari wa lango huko mgodini Songwa. Mwanamke mwema, anacheka mpaka kuku wanakimbia. Lakini alichotuletea leo! Anasema mama wa kitoto hiki kaliwa na fisi, ndugu zake wamekufa, huyu ndiye aliyebaki. Yaani tumeomba mkamata panya, tumepewa yatima. Panya wa nyumba hii wanamzidi kimo.

Maziwa yapo. Kila asubuhi shemeji Mihayo hutuletea kibuyu, kwa kuwa ng'ombe wa mume wangu wako zizini kwake. Mayu kachovya pamba kwenye maziwa, kamtia paka mdomoni. Hataki. Nikamwambia atumie fifi, ile safi ni ya kuuza. Kanijibu kwamba mgonjwa hapewi fifi.

Analia. Sauti nyembamba, haikatiki.

Alhamisi, 10 Juni

Bado hataki. Mayu kamweka kifuani, ndani ya nguo, kama mtoto wa kuzaa. Mimi nimechambua pamba. Nilisema, mayu, akifa tutaomba mwingine. Kaniuliza moyo wangu umekwenda wapi.

Sijui. Labda Geita.

Mume wangu Maduhu alikwenda Geita kwenye dhahabu mwaka juzi, pamba ikiwa bado shambani. Alisema atarudi na bati la nyumba. Mwanzoni alituma salamu, na khanga, kwa mkono wa mtu. Kisha kimya. Wanaotoka huko wengine wanasema alihama kambi, akafuata wachimbaji wa porini. Wengine hawamkumbuki kabisa — na Maduhu ni mtu wa kukumbukwa, anapiga mluzi hata kanisani. Mwaka jana nililia sana. Mwaka huu nikitaka kulia hakitoki kitu. Silalamiki. Ni kama kidole kilichokufa ganzi, unakitazama tu na kujua ni chako.

Mtoto hatukupata. Kwa hiyo hapa kijijini sina jina la Mama Fulani. Naitwa mke wa Maduhu. Jina langu, Paskazia, ni la kanisani tu.

Ijumaa, 11 Juni

Nitaandika yalivyotokea, bila kuongeza chumvi.

Mchana Ghati alikuja kumwona mgonjwa wake. Paka alikuwa amelegea, hata kulia ameacha. Tulijua kinachofuata. Mayu akamlaza mapajani, akacheka kidogo, akasema huyu naye anatudai jina.

Kwetu Wasukuma mtoto mchanga akilia na kukataa ziwa, wazee humtajia majina ya waliokufa, moja moja. Jina atakalolinyonyea ndilo lake. Maana yake ni kwamba yule marehemu ndiye aliyekuwa anamsumbua, anataka akumbukwe. Mume wangu mwenyewe alipatikana hivyo hivyo; alikataa ziwa siku mbili mpaka akatajwa Maduhu mmoja wa zamani, mwindaji.

Basi Mayu akaanza. Kwa mchezo! Nilimwona, midomo yake ilikuwa inacheka. Luhende — huyo ni baba mkwe wake. Paka kageuza uso. Ng'wandu. Nkwabi. Nyanzala, bibi yake, aliyekuwa na ulimi mkali mpaka mbwa walimwogopa; hapo hata mimi nilitabasamu. Kila jina na tone lake la maziwa, na kila tone likamwagikia kidevuni.

Majina yakaisha. Mayu kachoka. Akachovya pamba mara nyingine, akashusha pumzi, akasema, "Maduhu wane." Yaani Maduhu wangu. Vile asemavyo akiinuka, akikaa, akijikwaa. Watu wengine husema Mungu wangu, yeye hulitaja jina la mwanawe.

Paka kanyonya.

Kanyonya kwa nguvu, miguu inasukuma! Ghati akapiga vigelegele — amepata jina, amepata jina! Hakujua. Mayu aliiachia ile pamba kama kaa la moto. Jina la mtu aliye hai halitajwi pale, kwa sababu hayumo miongoni mwa marehemu. Mimi na Mayu hatukutazamana. Paka akaitafuta pamba mapajani, akaipata, akaendelea na kazi yake.

Jumamosi, 12 Juni

Mayu hakula. Paka kala mchana kutwa.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani wanawake walinipisha kwenye benchi. Nafasi kubwa, kama ya mgonjwa. Nikajua habari imefika. Kumbe Ghati alisimulia kisimani, kwa furaha tu, kwamba paka wetu kapata jina la mwenye nyumba! Waliokuwa wanateka maji wote ni Wasukuma. Anasema walibeba ndoo zao wakaondoka, naye akabaki anashangaa amekosea nini.

Baada ya ibada katekista Theonest aliniita. Mhaya huyu hutembea na mwavuli hata kiangazi. Akasema nisitishike, Kanisa halipokei ushahidi wa paka. Akasema ndoa yangu ipo mpaka aje mtu aliyeiona maiti kwa macho yake. Subira yavuta heri. Nikamwambia ndiyo, mwalimu.

Njiani nilijaribu kujua kama nafurahi ndoa yangu ipo. Nilikuwa na kiu, hilo tu ndilo nililolijua.

Jumatano, 16 Juni

Mayu kaanza kula. Tena kabadilika. Sasa paka hashikwi na mtu ila yeye. Anamchemshia maziwa, anapuliza yapoe, anamfuta macho kwa maji ya chumvi. Kamtengenezea kitanda kwenye rundo la fifi, na mimi nimekatazwa kuligusa rundo hilo mpaka aamke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — huyu amepewa kitanda!

Hatumwiti jina. Tunasema "huyu". Huyu kala? Huyu kalala. Leo Mayu alimfokea alipotaka kuingia motoni, mdomo ukafunguka kuita, akaufunika kwa kiganja.

Jumapili, 20 Juni

Shemeji Mihayo kaja, si kwa maziwa. Kaja na kanzu.

Nilimsalimu, nikamletea kigoda. Alikaa, akatazama paa letu, akasema nyasi zimeoza upande wa jua linakozama. Kweli zimeoza. Mvua iliyopita ni yeye aliyepanda kuziba. Sitaki kuandika kwamba ni mtu mbaya. Si mtu mbaya.

Akasema: shemeji, mama mwenyewe kamwita kaka kati ya marehemu, na kaka kaitika. Asiyekuwepo na lake halipo. Baada ya kuuza pamba tukae matanga, tunyoe nywele, roho ya kaka ipumzike, isizungukezunguke kwenye majumba kwa sura ya paka. Kisha uje kwangu. Mke wangu Scolastika hana neno. Watoto utakaozaa ni wa kaka, watabeba jina lake.

Nikasema nitafikiri. Kwa kweli sikufikiri. Nilikuwa namtazama huyu, anapigana na uzi wa pamba nyuma ya kigoda, kashindwa.

Mayu alikuwa mlangoni. Akasema yeye hakumbuki alitaja jina gani siku ile. Labda Luhende. Uzee! Mihayo akasema, lakini Ghati alisikia. Mayu akasema Mkurya anajua nini katika majina yetu.

Jumatano, 23 Juni

Scolastika kanitembelea, kaniletea michembe, viazi vilivyokaushwa, na karanga. Mwanamke mpole, ana watoto wanne na tumbo la wa tano. Akasema tungesaidiana. Kazi nyingi, mikono michache. Nilimshukuru.

Nikimwaza Maduhu amekufa, hakuna kinachotokea ndani yangu. Nikimwaza yu hai, kaoa huko, ana nyumba ya bati — pia hakuna. Nimejaribu yote mawili leo nikichambua. Fifi huku, safi kule.

Huyu sasa anapanda kwenye mguu wangu. Ana kucha! Simfukuzi, wala simpapasi.

Ijumaa, 25 Juni

Ghati kalia hapa kwetu, mbele yangu. Anasema alidhani ni mchezo, angejua angeukata ulimi wake. Nilimchotea maji, nikambembeleza. Jambo la ajabu, mimi kumbembeleza yeye.

Habari ni kwamba wazee wa ukoo wamekaa. Babu Shigela, mdogo wa baba mkwe wangu marehemu, ndiye mkubwa wao. Kasema jambo la roho haliamuliwi kwa kumbukumbu za mwanamke mmoja mzee na porojo za kisimani. Paka yupo? Yupo. Basi aulizwe tena, hadharani. Jumamosi ya wiki ijayo. Asipewe maziwa tangu alfajiri. Na jina lenye mashaka ndilo litakalotajwa la kwanza. Akilinyonyea, tunaweka matanga siku hiyo hiyo na nywele zinanyolewa. Akilikataa, hakuna atakayelizungumza tena mpaka mavuno mengine.

Ghati akafuta kamasi, akasema paka mwenye njaa atanyonya hata ukimtajia Bwana Shauri wa wilaya! Ni kweli. Nilicheka. Kisha nikaona kwamba ni kweli kabisa, nikaacha kucheka.

Nadhani Mihayo pia anajua. Nadhani Babu Shigela anajua kuliko wote. Labda wamechoka kungoja kama mimi, wanataka tu mtu wa kuwaambia basi.

Jumapili, 27 Juni

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Mayu kichwa kinauma.

Jumanne, 29 Juni

Pamba imeuzwa. Nyumba imekuwa kubwa, inatoa mwangwi. Rundo la fifi limekwenda na kitanda cha huyu, kwa hiyo kahamia kwenye ngozi ninayolalia, upande wa ukutani. Upande wa Maduhu. Hakuuliza.

Leo kakamata panya wa kwanza! Kadogo, tena nadhani alikuwa mgonjwa. Kamburuta mpaka miguuni pa Mayu, akamweka, akakaa. Mayu akamsifu kwa shairi zima, kama mtu aliyeua simba. Akalitaja jina. Alilitaja wazi, katikati ya sifa, wala hakuufunika mdomo.

Nilimuuliza, mayu, unaamini nini? Akafikiri. Akasema anaamini kwamba huyu anakula, na mradi anakula yeye anapata usingizi. Sikumuuliza zaidi.

Alhamisi, 1 Julai

Mihayo kaja kuniuliza nimefikiri nini. Nikamwambia, shemeji, tungoje paka. Akacheka, nami nikacheka. Halafu akasema kwa upole kwamba yeye pia anamkumbuka kaka yake; kwamba akipita zizini na kuwaona wale ng'ombe husema moyoni, njoo basi uchukue mzigo wako. Macho yake yalikuwa na maji. Nilimwonea wivu.

Nimejiambia hivi: Jumamosi likiwa, liwe. Wakininyoa, nitanyolewa. Nitakuwa na paa na watoto wa Scolastika wa kubeba. Wasiponinyoa, nitachambua pamba ya mwakani. Yote ni sawa. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 3 Julai

Naandika nimesimama, daftari juu ya mtungi. Wazee wameshafika, wako uani, bado wanasalimiana. Kwa wazee wa huku salamu si jambo dogo. Scolastika yuko na wembe, nimeuona, kaufunga kwenye pindo la khanga.

Lakini niandike ya alfajiri.

Niliamka kabla ya Mayu, au nilidhani hivyo. Kibuyu cha jana kilikuwa na maziwa chini. Nikamimina kwenye kigae. Sikuwa nimepanga, naapa! Mikono ilikwenda yenyewe kama kwenye pamba. Mpaka nilipochuchumaa mbele ya huyu na kusogeza kigae ndipo nikajisikia moyo unapiga. Unapiga masikioni, kooni, kila mahali. Nilimwambia kunywa. Kunywa, tafadhali, kunywa yote. Kunywa ushibe. Nilikuwa namsihi paka!

Hakunywa. Alinusa, akageuza uso.

Nikaogopa sana. Nikadhani anaumwa. Nikampapasa — ndiyo mara ya kwanza nimempapasa — na tumbo lake ni gumu, la mviringo, limejaa mpaka mbavu hazionekani. Kidevuni maziwa yalikuwa hayajakauka.

Mayu alikuwa amekaa jikoni gizani, kanipa mgongo, anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Hakugeuka. Akasema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba kile kigae nikioshe vizuri, kisinuke maziwa.

Nimekiosha. Nikiwa naosha, machozi yametoka. Mengi, hayana adabu, yameingia mpaka mdomoni. Namtaka mume wangu. Ndivyo ilivyo. Awe na bati au asiwe na bati, awe kaoa, awe kakonda, awe vyovyote, namtaka aje mwenyewe apige mluzi wake kanisani nione aibu. Naogopa kwamba hatakuja. Naogopa zaidi kwamba paka ni mtoto tu, na watoto hata wakishiba hunyonya, kwa mazoea, kwa uroho, kwa kupenda kushikwa. Akinyonya leo sitakuwa na la kusema.

Babu Shigela kaketi. Nasikia anaomba maji ya kunawa. Mihayo kaleta kibuyu cha maziwa mapya, nasikia yanamiminwa.

Wanaita paka aletwe. Mayu kaja na huyu, kaniwekea begani, kasema nimpeleke mimi, mikono yake inanuka maziwa. Sikumwambia kwamba yangu pia